Mnara wetu umeporomoka usiku wa siku ya 21: ni nguzo, ni zege au ni kitu kingine?

#1 BondeUmoja
Habari zenu wadau. Sisi ni wanne, wawili Umoja, mmoja Donholm, mmoja Kayole, hapa Nairobi, na tunacheza gemu ya kompyuta ya 7 Days to Die kwa seva moja. Kwa wasioijua: kila siku ya saba mwezi hugeuka mwekundu, na kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, kwa saa za gemu, zombi huja mbio mpaka pale ulipo. Hizo siku nyingine sita ni za kujenga, kuchimba na kutafuta risasi.

Ngome yetu ilikuwa mnara wa ghorofa nne. Nguzo nne kwenye pembe, nguzo ya tano katikati, na juu kabisa tulitokeza roshani ya kufyatulia risasi, bloku (vipande vya kujengea) nne kwenda nje kila upande. Mchana wa siku ya 21 mmoja wetu aliona nguzo ya katikati inazuia pikipiki kuingia, akaing'oa. Hakuna kilichotokea. Tukakaa, tukapika, tukapandisha sakafu ya juu kutoka mawe hadi zege. Usiku, zombi wakiwa bado wachache, nikasikia mlio kama lori linamwaga kokoto, na sakafu ikaondoka chini ya miguu yangu. Benchi, sanduku la risasi, kila kitu. Upande wa mashariki zilibaki bloku mbili zimeshikamana na nguzo ya pembeni.

Mimi nasema ni nguzo. Mwenzangu anasema ni zege. Wa tatu anasema ni yule zombi polisi mnene aliyelipuka. Tumebishana tangu asubuhi. Nani ana ukweli? Na mtu ajenge vipi isianguke tena?

#2 NjeriMatofali
Pole sana. Sakafu ilikuwa upana gani kutoka nguzo hadi nguzo?

#3 BondeUmoja
Bloku kumi na moja kwa kumi na moja, ukihesabu na nguzo.

#4 OtiSukari
Ni nguzo, na sioni la kujadili hapo. Gemu hii inauliza swali moja tu: bloku hii inashuka moja kwa moja hadi mwamba wa chini kabisa, au imeshikwa na jirani? Inayoshuka moja kwa moja haina shida, hata ukiipandisha juu namna gani. Iliyoshikwa ubavuni ndiyo inayohesabiwa uzito. Kila unapoenda bloku moja zaidi kutoka nguzo, ile bloku ya kwanza kabisa, iliyoshikana na nguzo, inabebeshwa wenzake wote walioko mbele yake. Mkitoa nguzo ya kati, sakafu yote ya kati inahamia kwenye viungo vya pembeni. Hapo ndipo mlipoanguka.

Kuna hali ya ukaguzi ndani ya gemu. Fungua konsoli (dirisha la amri) kwa F1, andika dm, halafu washa mwonekano wa uthabiti. Jengo linapakwa rangi na utaona lilipochoka.

#5 KamauWaBuruburu
Hamieni Minecraft jamani. Huko unajenga nyumba angani, unakata nguzo zote, na inabaki pale pale. Hakuna kitu huanguka.

#6 NjeriMatofali
@KamauWaBuruburu si kweli kwamba hakuna. Mchanga, mchanga mwekundu, changarawe, unga wa zege na fuawe, zote zinaanguka. Nilijenga dari ya mchanga juu ya mawe, nikatoa safu ya mawe chini ili niweke taa, na dari nzima ikanimwagikia. Sema tu kwamba nyingi hazianguki.

#7 KamauWaBuruburu
Haya, nakubali changarawe. Imewahi kunizika pia.

#8 FundiSlabu
Salamu. Mimi si mchezaji, kijana wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu kwa sababu ya hiyo roshani. Niko mjengo miaka kumi na minane, nyingi Eastlands. Acha niseme ninachokijua kwa mikono.

Roshani, ile sehemu ya slabu iliyotokeza nje bila nguzo, inaweza kuua watu. Kwa slabu ya kawaida iliyokaa juu ya kuta mbili, uzito unaisukuma katikati na chini ndipo inapovutika, kwa hivyo chuma kinalazwa chini. Kwa roshani ni kinyume. Ncha inainama, na sehemu ya juu, pale inapoungana na nyumba, ndiyo inayovutika. Chuma lazima kikae juu, kiingie ndani ya nyumba kwa kina, na kifungwe kisishuke. Nimekuta vijana wameseti vizuri asubuhi, halafu watu wa karai wanapita juu ya chuma siku ya kumwaga, kinakanyagwa mpaka kinalala chini. Ukiangalia slabu imekauka ni laini, inang'aa, mwenye nyumba anafurahi. Ndani hakuna kitu kinachoishika.

Ndiyo maana siku ya kumwaga mimi sikai kivulini. Nasimama kwenye roshani na waya ya kufungia mfukoni, na nainua chuma kwa mkono kila kinapokanyagwa. Vijana wananiita askari wa chuma. Nawaambia sawa.

Kwa hivyo ninyi mlitokeza pande zote nne, kisha mkatoa nguzo ya kati. Kwangu mimi nguzo ilikuwa na makosa nusu. Nusu nyingine ni roshani.

#9 OtiSukari
Asante fundi, nimejifunza. Ila gemu haina chuma cha juu na cha chini. Haijui kuinama. Inajumlisha uzito na kulinganisha na nguvu ya kiungo, basi.

#10 MwikaliUhandisi
Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa ujenzi, na nimecheza gemu hii tangu ikiwa kwenye majaribio. Sikubaliani na #4. Ni zege.

Soma tena #1. Nguzo iling'olewa mchana na hakuna kilichoanguka. Gemu hufanya hesabu bloku inapowekwa au inapotolewa. Kama nguzo ndiyo iliyokuwa imebeba kila kitu, sakafu ingeanguka papo hapo. Haikuanguka. Baadaye wakapandisha sakafu kutoka mawe hadi zege, na zege ni nzito kuliko mawe. Kosa ninaloliona kila wiki ni watu kudhani kupandisha daraja ni kuongeza nguvu tu. Unaongeza nguvu na uzito pamoja. Ukianza kupandisha ncha, ukaacha bloku za karibu na nguzo zikiwa bado za mawe, umeweka mzigo wa zege kwenye kiungo cha mawe. Anza kwenye nguzo, toka nje polepole. Juu acha kitu chepesi. Ncha za roshani zinaweza kubaki mbao kabisa, kwa sababu kazi yake ni kukushika wewe na bunduki.

@BondeUmoja mlianzia wapi kupandisha?

#11 BondeUmoja
Nje. Tulianzia ukingoni kwa sababu huko ndiko zombi hupiga.

#12 MwikaliUhandisi
Basi.

#13 OtiSukari
Si basi. Kama ni zege, mbona haikuanguka wakati wa kupandisha? Na hiyo nayo ni mabadiliko ya bloku. Hoja yako ya #10 inakurudia wewe mwenyewe.

#14 ZimaTaa
@OtiSukari umemshika. Mimi naona ni polisi. Yule akikaribia kufa anakimbia na kulipuka, na mlipuko unakula bloku kadhaa kwa mpigo. Jengo lilikuwa limefika ukingoni: nguzo imetoka, zege imeongezwa, limebaki linashikwa na bloku mbili tatu. Polisi akatoa moja, likaenda. Kwa hivyo wote mko sawa ila yeye ndiye aliyekamilisha kazi.

Kinga yake: msiwaruhusu wafike kwenye nguzo. Weka miiba na mtaro mbali, na wachape polisi wakiwa bado mbali. Tangu toleo la Alpha 17 zombi wanatafuta njia rahisi ya kukufikia, kwa hivyo waachie njia moja unayoitaka wewe. Wakikosa njia wanaanza kula nguzo.

#15 Dorcas_K
Hakuna aliyeuliza kuhusu seva. Inaendeshwa wapi? Mimi nilikuwa na seva kwenye laptopu ya zamani hapa Githurai. Stima ikapotea katikati ya gemu, na iliporudi nikakuta nusu ya ukuta haipo na nusu ipo. Hatukuguswa na zombi hata mmoja. Hifadhi ya ulimwengu ilikuwa imekatika katikati ya kuandikwa. Siku hizi nanakili folda ya ulimwengu kila kabla ya usiku wa mwezi mwekundu. Dakika mbili tu.

#16 BondeUmoja
Seva iko Donholm, na stima haikupotea jana. Lakini ushauri wa kunakili nimeuchukua, asante sana. Tumepoteza siku 21 za kazi.

#17 VikingiWaRongai
Naingia kutoka upande wa Valheim. Waliotengeneza, Iron Gate wa Uswidi, waliitoa Februari 2021, na naona walilitatua hili swali vizuri kuliko wengine wote. Ukishika nyundo na kuangalia kipande chochote cha jengo, kinapakwa rangi. Buluu kimegusa ardhi. Kijani kiko salama. Njano, chungwa, kisha nyekundu: ukiongeza kimoja baada ya nyekundu kinavunjika mkononi. Hakuna ubishi wa kurasa tatu.

Kule uthabiti unapungua polepole ukipanda wima, na unapungua haraka ukienda ubavuni. Kwa hivyo paa refu unalipandishia nguzo ndefu katikati. Magogo ya msonobari yanafika mbali kuliko mbao za kawaida, na mihimili ya mbao yenye chuma inafika mbali zaidi. Nimejenga ukumbi mrefu kwa nguzo sita za aina hiyo na sakafu yote ya chini iko wazi.

#18 ZimaTaa
Watu wa Rongai lazima wajenge kumbi ndefu, wanangoja matatu humo ndani.

#19 VikingiWaRongai
Na paa haivuji.

#20 NjeriMatofali
Turudi. Swali langu: tao linasaidia? Mjomba wangu alinionyesha madaraja ya reli yenye matao, yamesimama bila chuma. Nimeona watu kwenye gemu wakiweka vibao vya mshazari chini ya sakafu wakisema vinabeba.

#21 MwikaliUhandisi
Tao halisi hufanya kazi kwa sababu kila jiwe linasukumwa tu, halivutwi, na msukumo unashuka mpaka kwenye kingo. Kwenye 7 Days to Die sijaona msukumo ukihesabiwa. Mshazari ni njia nyingine tu ya kushikamana. Ukiunganisha kutoka nguzo hadi chini ya sakafu unapata kiungo cha pili, na hicho ndicho kinachosaidia. Tao lenyewe halina dawa.

#22 OtiSukari
Nina daraja la mshazari lenye urefu ambao bila mshazari lilianguka mara tatu. Kwa hivyo lina dawa.

#23 MwikaliUhandisi
Nimesema linaongeza viungo. Tunasema kitu kimoja.

#24 OtiSukari
Hatusemi kitu kimoja. Nilihesabu viungo.

#25 ChimbaChini
Wadau, mimi ndiye wa nne kwenye timu ya BondeUmoja, yule wa Kayole. Nimesoma yote nikiwa kwenye matatu. Kuna kitu sikuwaambia wenzangu jana kwa sababu sikudhani kinahusika.

Siku ya 19 na 20 nilikuwa nachimba chuma. Mshipa ulikuwa unaelekea chini ya ngome, nikaufuata. Nilipita chini ya pembe ya kaskazini magharibi. Handaki lilikuwa bloku tatu kwa upana, na pale chuma kilipokuwa kingi nilipanua kidogo. Sikugusa nguzo. Nilikuwa chini kabisa, mbali na msingi. Jana usiku, wakati wenzangu wanapiga zombi juu, nilikuwa handakini namalizia mshipa. Nilipotoa bloku moja ya ukutani, skrini ikaganda kidogo, kisha nikasikia kelele juu.

Samahani sana. Nilitaka tuwe na chuma cha kutosha.

#26 BondeUmoja
Kwa nini hukusema?

#27 ZimaTaa
Maskini polisi, amesingiziwa tangu asubuhi.

#28 OtiSukari
Hapa ndipo penyewe. Nguzo ya pembe haikuwa tena inashuka hadi mwamba. Ilikuwa imesimama juu ya udongo ulioshikwa ubavuni juu ya handaki. Ardhi ya gemu hii nayo inahesabiwa kama bloku. Nguzo ya kati imetoka, ya pembe imekatwa chini. Mlibakiwa na tatu.

#29 MwikaliUhandisi
Na zege juu yake.

#30 Dorcas_K
@ChimbaChini umefanya vizuri kusema. Wengine wangenyamaza.

#31 JoramPango
Nimekuwa nasoma kimya. Sasa tumefika kwenye uchimbaji, niruhusuni.

Wengi wanafikiria juu, wanasahau chini. Mwalimu wangu ni TerraFirmaCraft, moda (nyongeza ya wachezaji) ya Minecraft. Huko mawe asilia yakichimbwa bila kushikiliwa yanaweza kuporomoka, yanageuka vipande na kukuzika. Unachonga mihimili ya mbao: nguzo wima pande mbili na boriti juu yake, kama fremu ya mlango, moja baada ya nyingine. Boriti inalinda eneo linaloizunguka, si lile lililo juu yake tu. Kinachowaua wageni si kutojua mihimili. Wanaweka, halafu wanaona madini hatua mbili nje ya ulinzi, wanasema nachukua hili moja narudi.

Utaratibu wangu kwenye gemu yoyote inayoporomoka ni huu. Sichimbi chumba kikubwa kwa mara moja. Nachimba vichochoro vyembamba na kuacha nguzo za mwamba wenyewe katikati, nene kuliko ninavyodhani zinahitajika. Sipiti chini ya jengo langu, hata kama almasi inaonekana. Na kama lazima nipite, najua kwanza nguzo zangu ziko wapi: naweka alama juu, nahesabu hatua, naandika kwenye daftari. Daftari la kweli, la karatasi. ChimbaChini alikuwa anajua yuko chini ya ngome. Hakujua yuko chini ya nguzo.

#32 ChimbaChini
Ni kweli. Nilikuwa naangalia chuma tu.

#33 AminaPwani
Binamu yangu alichimba dhahabu Migori karibu miaka miwili kabla ya kurudi Nairobi. Alichonieleza kimekaa kichwani. Kabla ya kuanza kazi asubuhi, mzee wa shimo anashuka na mtaimbo peke yake. Anagonga dari hatua kwa hatua. Jiwe zima linalia kama kengele, tii. Jiwe lililoachana na mwamba linalia kama ngoma, bu. Akisikia bu anasimama kando, si chini, anachokonoa mpaka lianguke lenyewe, ndipo wengine wanaitwa. Miti ya mkaratusi inasimamishwa na kupigiwa kabari kichwani. Binamu alisema miti ile ilikuwa inawaambia mapema: inaanza kulia na kupasuka, na ukisikia unaacha kila kitu, unatoka.

Siku moja mzee alikuwa mgonjwa na hakuna aliyegonga. Binamu alikuwa amepanda juu kuchukua maji. Rafiki yake hakupanda. Ndiyo maana alirudi Nairobi.

Samahani kama nimeleta mambo mazito kwenye uzi wa gemu.

#34 JoramPango
Usiombe samahani. Pole kwake. Ingekuwa vizuri gemu zitupe ule mlio.

#35 FundiSlabu
Pole mama. Hata nyumba hulia. Ufa unaokimbia mshazari kutoka kona ya dirisha, mlango uliokuwa unafunga vizuri ukaanza kukwama, vumbi la plasta asubuhi. Mkiviona kwenye ploti mnayoishi, msisubiri mwenye nyumba apake rangi.

#36 KamauWaBuruburu
Lile jengo lililoporomoka Huruma 2017, watu walisema waliona nyufa.

#37 Dorcas_K
@KamauWaBuruburu Huruma ilikuwa 2016. Ijumaa usiku, 29 Aprili, ghorofa sita, mvua kubwa. Waliokufa walikuwa takriban 50, na mtoto mchanga alitolewa hai baada ya kama saa 80. Ya 2017 ilikuwa Kware, Embakasi, mwezi wa Juni, ghorofa saba. Nilikuwa naishi karibu na Huruma wakati huo, sisahau tarehe.

#38 KamauWaBuruburu
Asante kwa kunisahihisha. Nilichanganya.

#39 FundiSlabu
Na watu wakumbuke udongo. Sehemu kubwa ya Embakasi, Ruai na huko chini ni udongo mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha unafura, jua likiwaka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Msingi ukikaa juu yake unainuliwa na kushushwa kila mwaka. Dawa ni kuuchimba wote mpaka ufike kwenye murram au mwamba, hata kama ni futi nane na mteja analalamika hela inaishia chini ya ardhi. Bwana Oti alisema gemu inauliza kama bloku inashuka hadi mwamba. Hilo nimelipenda. Ndilo swali ninalomuuliza mteja.

Swali langu kwenu: zege ya gemu inakaa siku ngapi kabla ya kubebeshwa? Sisi nguvu yake tunaipima siku ya 28, na propsi (miti ya kushikilia kwa muda) za roshani ndizo ninazotoa mwisho kabisa.

#40 VikingiWaRongai
Fundi, kwetu hakuna kusubiri. Ukipiga nyundo imeshakauka.

#41 MwikaliUhandisi
Matoleo ya zamani ya 7 Days to Die yalikuwa na zege mbichi, ilikaa kwanza ndipo ikaimarika. Waliiondoa. Mimi niliipenda.

#42 KijanaWaSimu
Nina simu tu na laptopu ya mamangu ya zamani. Kuna gemu ya bure ya kujifunzia haya mambo?

#43 NjeriMatofali
@KijanaWaSimu jaribu Luanti. Zamani iliitwa Minetest, walibadilisha jina Oktoba 2024. Ni ya bure, ni nyepesi, haikuli bando ukishaipakua. Mchanga na changarawe zinaanguka. Ujanja mmoja wa Minecraft ulio rahisi: ukikutana na mnara wa changarawe juu yako, vunja ya chini kabisa kisha chomeka mwenge haraka mahali pake. Zote zinazoanguka juu ya mwenge zinavunjika zenyewe na unaziokota. Na usichimbe chini ya miguu yako moja kwa moja. Simama katikati ya bloku mbili, chimba moja moja.

#44 JoramPango
Ukipata laptopu nzuri siku moja, angalia Dwarf Fortress pia. Huko sheria ni kali kwa namna nyingine: mlima mzima unashikwa na kipande kimoja tu kilichobaki kimeungana. Hauhesabiwi uzito kabisa. Lakini ukikata kile cha mwisho, wote unashuka kwa pamoja, na vumbi lake peke yake linawarusha watu. Ukitoka huko ukaingia 7 Days to Die lazima uanguke, kwa sababu umezoea kwamba kimoja kinatosha.

#45 BondeUmoja
Wadau nimerudi. Leo Jumapili tumefungua ulimwengu mpya wa majaribio, wote wanne, na tumejenga mnara ule ule kwa vipimo vile vile. Niwaeleze tulichokiona.

Jaribio la kwanza: tuliacha roshani na zege, tukang'oa nguzo ya kati tu. Ilisimama. Mwonekano wa uthabiti ulionyesha sakafu imegeuka rangi mbaya katikati, lakini ilisimama. Oti, hiyo si nguzo peke yake.

La pili: nguzo ya kati imerudi, ChimbaChini akachimba handaki lile lile chini ya pembe. Ilisimama. Kipande kidogo cha roshani upande ule kilidondoka, bloku tatu.

La tatu: nguzo nje, handaki ndani, sakafu bado ya mawe. Hapa tulikaa kimya wote kwenye simu. ChimbaChini alikuwa chini akihesabu kwa sauti: natoa hii, natoa hii. Kwenye bloku ya mwisho ya ukuta sakafu ilitetemeka kwenye skrini yangu na upande mmoja ukaenda. Si mnara wote. Nusu.

Zege hatukuwahi kuijaribu pamoja na hizo mbili kwa sababu mama yake ChimbaChini aliita chakula.

#46 MwikaliUhandisi
Nusu iliyobaki ndiyo zege ingeiangusha. Fanyeni la nne.

#47 OtiSukari
La tatu limenipa haki mimi. Nguzo mbili zimetoka, jengo limeenda. Kama limeenda nusu au lote, hiyo ni bahati ya mahali alipochimba.

#48 ZimaTaa
Na polisi hamkumjaribu.

#49 FundiSlabu
Vijana, hamkuniambia kama mliweka propsi kabla ya kutoa nguzo.

#50 BondeUmoja
Hapana fundi, hatukuweka.

#51 FundiSlabu
Nguzo haitolewi kabla ya kuweka mbili kando yake. Mkiona jengo halijalia, hapo ndipo mtatoa ya kati, nusu nusu. Hata kama ni ya kwenye kompyuta, fanyeni hivyo mkono uzoee.

#52 ChimbaChini
Nimeweka mbao nane chini ya ukumbi mpya, na nimeshachora nguzo zote kwenye daftari la hesabu la dada yangu, kwa kalamu nyekundu. Handaki jipya linaanzia ng'ambo ya barabara. Kesho jioni tunajaribu la nne, na zege. Mwikali, ukipata nafasi njoo kwenye seva uangalie tunavyopandisha, tunaanzia nguzoni safari hii.

#53 MwikaliUhandisi
Nitakuja saa mbili usiku, nikitoka darasani. Msiguse sakafu mpaka nifike.